Madawati Hayajazi Nyumba

Mwezi uliopita nimeulizwa tena, safari hii na mwenye nyumba za kupangisha aliyemalizia kujenga Mangamba, huku Mtwara: "Kaka, tukigawa madawati shule ya jirani, nyumba si zitajaa?" Swali hili nimelijibu vikaoni, kwenye simu, hata msibani. Leo naliandika.

Madawati toeni, watoto wanakaa chini. Ila msiyaweke kwenye hesabu ya wapangaji.

Fikra hii tumeiazima kwa wachimbaji. Sheria ya Madini, tangu marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni aandae mpango wa uwajibikaji kwa jamii kila mwaka na kukubaliana na halmashauri. Sisi wa nyumba hatumo humo. Tulichobeba ni picha tu: mfano wa hundi, mwalimu mkuu, makofi. Tumesahau kwamba mnunuzi wa madini yuko mbali na hatakanyaga kijiji kile maisha yake yote. Mteja wa nyumba analala palepale. Akija kuangalia chumba, anamuuliza jirani yako kama maji yanatoka na kama mwenye nyumba ni msumbufu, na jibu la jirani analiamini kuliko la dalali.

Nilisimamia nyumba sita Magomeni, hapa Mtwara mjini. Mwenye nyumba hizo alichangia zahanati, na picha zipo. Shimo la choo lilichimbwa dogo kwa idadi ya watu, kwa hiyo mvua za Desemba zikianza lilifurika na maji kushuka kwa jirani wa chini. Mama wa nyumba ile alipanga matofali matatu kutoka mlangoni kwake hadi njiani, na wanawe wakawa wanaruka tofali hadi tofali wakienda shule, viatu mkononi. Nilimwandikia mwenye nyumba. Akajibu kwamba fungu la jamii la mwaka huo limekwisha.

Fungu la jamii! Jamii ilikuwa imesimama juu ya matofali yale.

Dalali aliendelea kuleta wateja. Walifika kona ile, wakamsalimia mama, wakaongea naye kidogo, wakageuka. Nyumba mbili zilikaa wazi msimu mzima wa korosho, wakati ambao huku kwetu watu wana fedha ya kulipa miezi sita kwa mkupuo. Shimo la pili, pamoja na gari la kunyonya, lingegharimu chini ya kodi iliyopotea. Hesabu hiyo nilimpigia mezani kwake.

Sasa niseme nisichokuwa na uhakika nacho. Kwenye daftari langu naandika siku mpangaji alipopiga simu bomba linavuja, na siku fundi alipofika. Nyumba ambazo fundi huwahi hazina malimbikizo makubwa ya kodi. Kwa miaka kadhaa nilisema hiyo ndiyo faida ya kuwajibika. Siku hizi nasita. Mwenye fedha ndiye anayemudu kumtuma fundi mapema, na ndiye mwenye nyumba nzuri inayovuta watu wenye mshahara wa uhakika. Huenda faida ndiyo iliyotangulia. Watafiti Waddock na Graves, mwaka 1997, walikuta uhusiano wa uwajibikaji na faida unakwenda pande zote mbili. Mwaka 2000 watafiti wengine, McWilliams na Siegel, walipoingiza matumizi ya utafiti na ubunifu kwenye hesabu, athari ya uwajibikaji kwa faida haikuonekana tena. Data zao ni za makampuni ya Marekani, siwezi kuzishusha Chikongola, hapa mjini kwetu, kama zilivyo, lakini zimenifunza kutokimbilia jibu.

Tena soko lina nguvu kuliko sisi sote. Waliojenga hapa kwa matumaini ya gesi wanajua: wageni wa miradi wakipungua, nyumba ya mkarimu na ya bahili zote zinabaki na kufuli. Ndiyo maana nalinganisha nyumba za mtaa mmoja, mwaka mmoja, kodi inayokaribiana. Hapo ndipo shimo, mtaro na fundi vinapoonekana. Madawati sijawahi kuyaona.

Yule wa Mangamba nimemwomba tukutane Jumamosi asubuhi. Tutaanzia kwenye shimo lake la choo, tufuate mteremko hadi nyumba ya mwisho, tubishe hodi tuwaulize mvua zilizopita maji yalifika wapi.