Hakuna kofia inayosoma siri za mgonjwa

"Daktari, leteni ile kofia tujue baba anawaza nini." Kila video ya mtu aliyepooza akiendesha kompyuta kwa ubongo inapozunguka kwenye simu, ndugu wa wagonjwa wangu wa kiharusi hapa Mbeya huja na ombi hilo, kuanzia Mwanjelwa hadi Tukuyu.

Kofia hiyo ya kuendesha kompyuta kwa ubongo haisomi mawazo. Elektrodi zake, yaani vidude vinavyogusa ngozi ya kichwa, hunasa umeme wa ubongo ulio hafifu mno, unaopimwa kwa sehemu za milioni moja za volti, na kompyuta hutafuta ndani yake ishara chache tu ilizofundishwa. Njia moja, iliyoonyeshwa na watafiti Farwell na Donchin mwaka 1988, ni hii: herufi zinamulika kwa zamu kwenye skrini, mgonjwa anaikazia anayoitaka, nayo ikimulika ubongo hutoa wimbi baada ya milisekunde 300 hivi. Asipotaka kuchagua, hapati herufi wala nyinyi hampati neno. Siri zake zinabaki zake.

Kinachoniumiza ni kwamba mnasubiri kofia huku baba yupo kitandani na hakuna anayemuuliza kitu. Anzeni leo jioni. Akitazama juu ni ndiyo, akifumba macho ni hapana, na nyumba nzima ifuate alama hizo hizo. Ulizeni jambo moja, kisha nyamazeni. Mpeni muda. Msimjibie! Aliyezoea kuchagua kwa macho atakipokea vizuri kifaa chochote kitakachokuja.

Kwamba lazima fuvu litobolewe? Hapana, kofia hukaa juu ya ngozi. Vifaa vya kupandikizwa ndani ya kichwa vipo na vina nguvu zaidi. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani waliripoti mtu aliyepooza aliyefikia herufi 90 kwa dakika kwa kuwaza tu kwamba anaandika kwa mkono. Huo bado ni utafiti.

Wengine husema waliopooza hawawezi kushirikiana kazi mpaka ubongo uungwe na ubongo. Chuo Kikuu cha Washington kiliwahi kuunganisha bongo za watu katika makundi ya watatu watatu wakacheza mchezo wa kupanga matofali kwenye kompyuta, wakapatia kwa wastani wa asilimia 81, lakini ujumbe uliopita kati yao ulikuwa mmoja tu: geuza tofali au usigeuze. Kazi ya kweli haihitaji hayo. Mmoja akitumia kompyuta inayofuata macho, mwingine kofia, wa tatu swichi ya kubonyeza kwa kidevu, wote wanaweza kuandika waraka uleule kwenye intaneti, hata andiko la kuomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 2 ya mapato yake ya ndani inayotengewa vikundi vya watu wenye ulemavu.