Kipokezi cha Redio cha Nishati Ndogo Mno katika Mtandao wa Mwilini

Mtandao wa mwilini usiotumia waya ni kundi la vifaa vidogo vinavyovaliwa juu ya ngozi au kupandikizwa ndani ya mwili, kama vile kihisi cha mapigo ya moyo au kipima sukari ya damu, ambavyo huwasiliana kwa redio. Kiwango cha kimataifa kinachoihusu mitandao hii, IEEE 802.15.6, kilichapishwa mwaka 2012. Kipokezi cha nishati ndogo mno ni ile sehemu ya kifaa inayosikiliza mawimbi, iliyosanifiwa iweze kufanya kazi kwa mikrowati chache tu badala ya miliwati kadhaa ambazo redio za kawaida huzihitaji; mikrowati moja ni sehemu ya elfu ya miliwati.

Wengi hudhani kwamba kinachomaliza betri ni kurusha mawimbi, ilhali katika mitandao hii mara nyingi ni kusikiliza. Kirushaji kinajua wakati wake: huamka, hutuma taarifa, kisha hulala. Kipokezi hakijui kitaitwa lini, hivyo hulazimika kukaa macho. Tuchukue betri ya kitufe ya volti 3 yenye uwezo wa takribani miliampea-saa 225: kipokezi kinachotumia miliwati 10 mfululizo kitaimaliza kabla ya siku tatu kutimia, lakini kinachotumia mikrowati 10 kitakaa nayo, kwa hesabu hiyohiyo, zaidi ya miaka saba, tukiacha kando chaji inayopotea yenyewe. Kwa kifaa kilichopandikizwa, ambacho kubadilisha betri yake ni kumpasua mgonjwa upya, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Nishati nyingi ya kipokezi cha kawaida huliwa na osileta, yaani saketi inayozalisha wimbi thabiti la kuchanganywa na lile linaloingia, pamoja na vikuza mawimbi vinavyoizunguka. Kwa sababu hiyo wasanifu wengi huiondoa osileta kabisa na kutumia kigunduzi kinachopima tu kama nguvu ya wimbi ipo au haipo. Gharama yake ni unyeti, yaani uwezo wa kusikia wimbi dhaifu: wimbi dhaifu likipungua kimo mara kumi, kinachotoka katika kigunduzi hicho hupungua mara mia, na kwa kuwa hakibagui masafa, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, lazima kitanguliwe na kichujio kizuri. Njia nyingine ni ile aliyoibuni Edwin Armstrong mwaka 1922, ambapo saketi husogezwa hadi ukingoni mwa kutetema ili wimbi dogo likuzwe mara nyingi kwa mkondo mdogo wa umeme. Inavutia sana kwamba ubunifu wa enzi za vali, yaani taa za ombwe za redio za zamani, umerudi ndani ya chipu za leo.

Mara nyingi kipokezi cha aina hii hakibebi mawasiliano yote, bali hukaa macho kama bawabu, kikisubiri msimbo maalumu ndipo kiamshe redio kuu. Kipokezi kuamka kwa vipindi badala ya kukaa macho nako huokoa nishati, lakini ujumbe husubiri kipindi kifike, na tahadhari ya moyo haifai kusubirishwa. Hata bawabu ana kasoro yake, kwani akiamsha redio kuu bure kila mara kwa sababu ya kelele, yaani mawimbi ya ovyo yasiyo na ujumbe, akiba yote hupotea.

Mwili wenyewe huongeza ugumu. Maji yaliyomo katika tishu hufyonza mawimbi ya gigahezi 2.4, na kifaa cha kifuani kinaweza kusikika vizuri mtu akiwa amesimama, kisha kufifia anapogeuka au kulala, kwa hiyo unyeti hauwezi kutolewa sadaka ovyo. Kinachosaidia ni kwamba taarifa za mwili kwa kawaida ni chache na za polepole, hivyo hutosheka na upana mdogo wa masafa. Kelele huongezeka kadiri upana wa masafa unavyoongezeka, hivyo ukipunguza upana huo mara kumi, kelele inayoingia nayo hupungua mara kumi. Ndiyo maana kipokezi kinachosifiwa kwa mikrowati zake pekee hakijaelezwa vya kutosha. Ni lazima pia tuambiwe kinasikia wimbi dhaifu kiasi gani, na kwa kasi gani ya data.