Filamu za miliki ya umma: zilivyofika huko, na jinsi ya kuzipata bila kutapeliwa

Filamu ya miliki ya umma ni filamu isiyo tena na mwenyewe kisheria. Hakimiliki yake imekwisha muda, au ilipotea kwa kasoro ya kisheria, au haikuwapo tangu mwanzo. Yeyote anaweza kuitazama, kuipakua, kuirushia kwenye flashi, kuionyesha ukumbini kwa kiingilio, kuikata, kuitia sauti ya Kiswahili na kuiuza, bila kuomba ruhusa.

Hiyo ni tofauti na filamu ambayo kutazama tu ndiko bure. Kampuni ikiweka sinema nzima kwenye chaneli yake ya YouTube, hulipi wewe, analipa mwenye tangazo, na haki zote zinabaki kwa kampuni. Ikiamua kuiondoa kesho, imeondoka. Zipo pia filamu zenye leseni ya Creative Commons: mwenyewe yupo, ila ametangulia kutoa ruhusa kwa masharti. Filamu fupi za katuni za Blender, programu ya bure ya kutengenezea katuni, kama Big Buck Bunny ya 2008 na Sintel ya 2010, unaruhusiwa kuzinakili na hata kuziuza mradi uwataje waliozitengeneza. Nje ya hayo, filamu ya mwaka huu unayoikuta nzima kwenye tovuti usiyoijua ni ya wizi, hata ukurasa wake uwe umepambwa vipi.

Filamu nyingi za miliki ya umma mtandaoni ni za Marekani, na sababu iko kwenye sheria zake za zamani. Huko filamu hulindwa miaka 95 tangu itolewe, kwa hiyo kila Januari 1 mwaka mzima wa filamu huachiwa: za 1929 ziliachiwa mwaka 2025, za 1930 zikafuata mwaka 2026. Lakini zipo changa zaidi ya hizo zilizoachiwa kwa sababu wenyewe hawakutimiza taratibu. Filamu iliyotolewa kabla ya 1964 ilipata miaka 28 ya kwanza, kisha mwenyewe alitakiwa kuomba hakimiliki ihuishwe, yaani iongezewe muda. Asipoomba, basi. His Girl Friday ya 1940 ilipotea hivyo. Sharti jingine lilikuwa tangazo la hakimiliki kwenye filamu yenyewe, na sharti hilo lilidumu hadi Machi 1, 1989. Night of the Living Dead ya George Romero, ya 1968, ndiyo mfano mashuhuri: msambazaji alibadilisha jina la filamu, na alipoweka kichwa kipya tangazo halikurudishwa. Filamu ikawa ya watu wote tangu siku ya kwanza. Video za NASA, shirika la anga la Marekani, nazo kwa kawaida hazina hakimiliki, kwa kuwa kazi za watumishi wa serikali kuu ya Marekani hazilindwi nchini humo.

Vipindi vya televisheni hufuata kanuni hizohizo, kipindi kimojakimoja. Vipindi vya mwanzo vya The Beverly Hillbillies, vilivyoanza kurushwa 1962, havikuhuishwa, lakini wimbo wake wa ufunguzi bado una mwenyewe. Ndiyo maana nakala nyingi za bei rahisi zimebadilishiwa muziki.

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo inafaa kupaelewa vizuri. Filamu ni tabaka kadhaa za haki: picha, hadithi iliyotumika, muziki. Tabaka moja likiachiwa, mengine hayaachiwi kwa lazima. It's a Wonderful Life ya 1946 haikuhuishwa mwaka 1974, na vituo vya televisheni vya Marekani vikairusha bure kwa karibu miaka ishirini. Mwaka 1993 kampuni ya Republic Pictures ikaifunga tena kwa kushikilia haki za hadithi fupi iliyozaa filamu hiyo na haki za muziki wake. Kwa filamu zisizo na sauti hatari iko kwenye muziki uliopachikwa juzi: picha za 1925 ni za umma, lakini piano unayoisikia huenda ilirekodiwa miaka kumi iliyopita na mpigaji ana haki zake. Dawa ni kuondoa sauti hiyo na kuweka nyingine. Manukuu mapya na rangi zilizotiwa baadaye vivyo hivyo huweza kuwa na mwenyewe.

Nchi nayo huamua. Metropolis ya 1927 iliachiwa Marekani Januari 1, 2023. Ujerumani, ilikotengenezwa, hesabu ni miaka 70 baada ya kifo cha mtu wa mwisho kati ya watunzi wake wakuu, na Fritz Lang, mwongozaji, alifariki 1976. Huko inalindwa hadi mwisho wa 2046. Sheria ya Kenya ya 2001 hulinda filamu miaka 50, ikihesabiwa kutoka mwisho wa mwaka ilipotengenezwa, ilipoonyeshwa au ilipochapishwa mara ya kwanza, wowote ule ulio wa mwisho. Ukitaka kuitumia kazi hadharani, angalia sheria ya nchi utakayoionyesha.

Mahali pa kuanzia ni Internet Archive, kwenye archive.org, maktaba iliyoanzishwa 1996. Andika jina la filamu na mwaka, kisha chuja matokeo yabaki ya video tu. Ukurasa wa filamu ukifunguka, usikimbilie kitufe cha kucheza. Seva ziko California, na kwa mtandao wa simu picha huganda. Shuka hadi sehemu iliyoandikwa "Download Options" uchague faili. MPEG2 iache: filamu ya saa moja na nusu inaweza kupita GB 3. Chagua h.264 au, ikiwepo, 512Kb MPEG4, ambayo ni hafifu lakini kwa skrini ya simu inatosha.

Bando hukadiriwa kirahisi: kila Mbps 1 (megabiti moja kwa sekunde) ya kasi ya video hula MB 450 kwa saa. Night of the Living Dead ina dakika 96. Kwa Mbps 1 ni kama MB 720, na kwa 512Kb ni kama MB 370. Ukiwa na bando la usiku, pakua usiku.

Filamu kuwemo Internet Archive si uthibitisho wa lolote, kwa sababu wapakiaji ni watu wa kawaida na wengine huweka visivyo vyao. Thibitisha mwenyewe. Filamu ya Marekani yenye zaidi ya miaka 95 haihitaji kuchunguzwa zaidi kwa huko. Ya 1951 hadi 1963, tafuta jina lake kwenye orodha ya mtandaoni ya ofisi ya hakimiliki ya Marekani, yenye kumbukumbu za tangu 1978: kama ilihuishwa, ombi litakuwa humo. Tafuta pia kwa jina la kampuni, maana kichwa cha filamu huandikwa kwa namna mbalimbali. Ya kuanzia 1964 ichukulie kuwa ina mwenyewe mpaka upate sababu mahususi, kama ile ya tangazo kukosekana.

Matapeli wanajua watu hutafuta filamu za bure. Faili la filamu huishia na mp4, mkv, avi au ogv. Likiishia na apk au exe, hiyo ni programu, futa. Jina kama filamu.mp4.exe ni mtego uleule. Filamu nzima yenye MB 3 haipo. Ukurasa unaokutaka usakinishe kichezeshi maalumu, ukubali arifa au uweke namba ya kadi "kuthibitisha umri" kwa filamu ya 1940, ufunge. VLC, programu ya bure ya kuchezea video, hucheza karibu kila aina ya faili utakayokutana nayo.

Kwa wanaotafsiri filamu kwa Kiswahili na kuzionyesha kwenye vibanda vya video, hazina hii ina thamani kubwa kuliko wanavyodhani. Filamu iliyoachiwa nchini mwako unaweza kuiwekea sauti yako juu, na tafsiri hiyo mpya ikawa kazi yako yenye haki zake. Chagua nakala ya zamani isiyofanyiwa ukarabati wa karibuni, zima muziki wenye shaka, na uhifadhi anwani ya ukurasa ulikoipakua pamoja na tarehe. Ukipakia kazi yako YouTube, mfumo wake wa kutambua nakala huweza kukudai kimakosa kwa sababu kampuni fulani iliwahi kuuza filamu hiyohiyo. Pinga dai hilo kwa kueleza mwaka wa kutolewa na sababu ya hakimiliki kwisha.