Bia ya Bomba Nyumbani: Kabla ya Kulaumu Gesi, Pima Baridi

Ukipoza kegi, yaani pipa la chuma la bia yenye gesi, ndani ya friji nyumbani, utasikia mengi yasiyo kweli. Tuyapime moja moja. "Themostati inasema 3, basi bia iko 3." Themostati inasoma hewa, na hewa hubadilika kila mlango unapofunguliwa, bia haina haraka hiyo. Weka glasi ya maji kando ya kegi, tumbukiza kipimajoto, funga mlango hadi asubuhi. Namba utakayoikuta ndiyo ya kuamini. Ikiwa kati ya nyuzi 3 na 4 za Selsiasi, uko salama.

"Povu likizidi, punguza gesi." Hapa ndipo bia nyingi huharibikia. Bia yenye joto haiwezi kushikilia kaboni dayoksaidi yake, hivyo gesi inatoka ikiwa bado kwenye mpira unaopeleka bia kwenye koki. Ukipunguza presha, unaifungulia njia zaidi: leo povu, baada ya siku chache bia imepooza kama maji ya jana. Kwa lager ya kawaida iliyo nyuzi 3, psi (kipimo cha presha) 10 hadi 12 zinatosha. Acha regulata, kifaa cha kurekebisha presha ya gesi, hapo, tafuta joto lilikojificha.

Mimina glasi mbili mfululizo. Ya kwanza ikijaa povu na ya pili ikatoka safi, kegi haina kosa. Ile bia iliyokuwa imelala kwenye mnara, yaani nguzo yenye koki iliyo juu ya friji, ndiyo iliyopata joto. Dawa yake ni feni ndogo ya kompyuta, ya volti 12, ifungwe ndani ya friji na kuunganishwa na mpira mpana unaopeleka hewa baridi hadi karibu na koki. Kuuvisha mnara sponji peke yake kunachelewesha joto tu, hakuleti baridi. Zote mbili zikiwa povu, shuku kegi haijapoa, kisha angalia kama mpira ni mchafu au mfupi mno.

"Saa tatu kwenye friji zinatosha." Bati la nje litakuwa baridi, katikati bado. Kegi ya lita 50 iliyosafiri juani inataka saa 24, na kwenye chumba cha joto, mathalani Mombasa wakati wa kaskazi, hata zaidi. Kuteremsha themostati hadi mwisho hakuharakishi kitu, maana kompresa ya friji nyingi ina kasi moja: inawaka au imezima. Utavuna barafu kwenye sahani ya kupozea, na bia yenyewe huanza kuganda karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri.

"Friji yoyote itamudu." Soma kibandiko chake. Herufi N inamaanisha imeundwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32, ST 38, T 43. Pwani, tafuta T. Nyuma iachie nafasi ya kupumua, walau sentimita 5, na ufute vumbi kwenye koili. Friji iliyobanwa kabatini inajipikia joto lake yenyewe.

"Glasi iliyoganda ndiyo bora." Chembe za barafu ukutani mwake huzalisha povu. Isuuze tu kwa maji baridi.