Do inayotembea na do inayokaa: vita vya walimu wa muziki shuleni kwetu

Mwaka jana tulipokea mtoto mmoja wa miaka kumi na mbili hivi, anatoka kwaya ya kanisa huku Katuba, sauti weee, na karatasi ya solfa (noti zilizoandikwa kwa herufi) anaisoma kama we unavyosoma meseji kwenye simu. Siku ya kwanza kaingia darasa la piano. Prof wa piano anampigia wimbo mfupi, uko kwenye toni ya sol (yaani sol ndiyo noti ya nyumbani ya wimbo), anamuuliza noti ya mwisho ni gani. Mtoto anasema do. Prof anasema hapana, ni sol. Mtoto hajaelewa, anajaribu kumsaidia prof: "Prof, ni do, sikia," anaimba do mi sol, na ameimba sawasawa kabisa! Prof anamwambia hapo umeimba noti tatu: sol, si na re. Mtoto akanyamaza, akaanza kuangalia vidole vyake. Mi nilikuwa mlangoni na gitaa yangu mgongoni, nikasema moyoni, haya, tumeanza tena.

Maana wote wawili walikuwa na haki. Na hii kitu ndiyo inagawanya walimu wa shule yetu ya sanaa hapa Lubumbashi kuliko mambo ya mshahara (sawa, karibu sawa na mshahara). Wazazi wananiuliza kila mara juu ya nini huyu prof anafundisha hivi na yule hivi, basi leo niandike kirefu.

Haya majina ya noti yametoka kwa mmonaki wa Italia, Guido wa Arezzo, karne ya 11. Alichukua wimbo wa kanisa ambao kila mstari unaanza ngazi moja juu ya ule uliotangulia, akachukua silabi ya kwanza ya kila mstari: ut, re, mi, fa, sol, la. Ut baadaye ikawa do. Kazi yake ilikuwa kusaidia waimbaji washike wimbo ambao hawajawahi kuusikia. Halafu njia ikagawanyika. Wafaransa na Wabelgiji wakafanya do iwe noti moja tu, ile ile kila siku, kile kidude cheupe cha piano kilicho kushoto kwa viwili vyeusi. Sisi tulitawaliwa na Wabelgiji, kwa hiyo aliyesoma muziki kwa vitabu huku kwetu amesoma do inayokaa. Uingereza wakaenda kwingine: mama mmoja wa Norwich, Sarah Glover, alitengeneza njia ya kufundisha watoto kuimba, mchungaji John Curwen akaichukua kwenye miaka ya 1840 akaieneza, herufi tupu: d, r, m, f, s, l, t. Hakuna mistari mitano. Unaichapa na mashine ya kawaida ya herufi, ni bei rahisi, ndiyo maana wamisionari waliibeba sehemu nyingi za Afrika na mpaka leo kwaya zetu zinaiandika kwa bic kwenye daftari. Hapo do inatembea: wimbo ukianzia juu, do iko juu, ukishusha, inashuka nawe.

Mtoto yule nilimweleza hivi. Mjomba si jina la mtu, ni nafasi. Kwenu mjomba ni huyu, kwa jirani mjomba ni mwingine, lakini kila nyumba unajua mjomba anakaaje na mama yake na anakuja lini kuomba pesa. Do ya kwaya ni mjomba. Do ya piano ni jina kwenye karta ya mpiga kura, halibadiliki hata ahamie Kolwezi. Akacheka, akasema "kumbe prof wa piano anataka jina, mi namupa ndugu."

Sasa falsafa. Prof wa piano anaamini karatasi kwanza: ukijua kusoma, hakuna wimbo utakaokushinda, na hutamtegemea mtu wa kukuonyesha. Namuheshimu kwa hilo. Mama wa kwaya yeye ni wa sikio, anatumia mikono, zile ishara za Curwen ambazo Zoltán Kodály kule Hungaria alizichukua kwa shule za watoto: do ni ngumi mbele ya tumbo, mi kiganja kinatazama chini, sol kiganja kinakutazama wewe. Ukiingia darasani kwake unakuta watoto thelathini wanaimba na hajasema neno hata moja, anahamisha mkono tu. Na moto ikikatika hakuna kinachosimama, wakati kinanda cha umeme cha jirani kimeshanyamaza zamani.

Mi niko upande wake, nasema wazi, angalau kwa miaka miwili ya kwanza. Shinichi Suzuki wa Japani, mtu wa violini, aliliona hili kwa njia rahisi sana: watoto wote wa Japani wanaongea Kijapani vizuri, na hakuna aliyewafundisha sarufi kwanza. Wamesikia, wamerudia, mama amefurahi, wamerudia tena. Kusoma kumekuja nyuma. Huku kwetu mtoto wa miaka sita anaongea Kiswahili, kidogo Kibemba au Kiluba cha bibi, na Kifaransa cha shule, halafu tunamweka mbele ya mistari mitano tunashangaa analala. Ila mzazi anataka kuona daftari limejaa noti, akikuta mtoto anaimba tu anauliza pesa yangu inafanya nini.

Kaka wa ngoma hana shida na do yoyote, yeye kila kitu ni mdomo. Nilijifunza kwake kitu ambacho conservatoire (shule kubwa ya muziki) nzima wanakipigania wiki, mkono mmoja upige mara tatu wakati mwingine unapiga mbili. Yeye anasema: sema "njoo tukale". Njoo ivute, le ivute, tu na ka ziwe fupi. Mkono wa kulia unapiga njoo, tu, le. Wa kushoto unapiga njoo na ka. Jaribu hapo hapo ulipo, kwenye goti. Polepole. Umeona? Kiswahili chenyewe kinakanyaga kwenye ka, kwa hiyo mkono wa kushoto unajua wapi pa kuangukia bila kuhesabu. Watoto wa miaka nane wanaishika kwa dakika kumi, na mi nilihesabu moja-na-mbili-na miezi mizima.

Kwangu kwenye gitaa vita ni vingine, ni vidole. Nilipoanza, mwalimu wangu wa kwanza alinipiga rula kwa sababu nilikuwa napiga na vidole viwili, gumba na shahada, vile nilivyoona wazee wa mtaa. Kwake gitaa ni p, i, m, a, vidole vinne, herufi za kwanza za majina ya vidole kwa Kihispania, basi. Hakuna aliyeniambia kwamba mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyerekodi muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, Likasi ya leo, kama kilomita 120 tu kutoka hapa, na kwamba gitaa ile iliyofanya watu wa Ulaya na Marekani wadhani wanasikia wapigaji wawili ilikuwa gumba na shahada! Vidole vile vile vya rula.

Kwa hiyo darasani kwangu wiki ya kwanza ni gumba peke yake. Linatembea kwenye nyuzi nene, halisimami, mtu akiingia kukusalimia linaendelea na we unaitikia "karibu". Ukishindwa kuitikia bila gumba kusimama, bado. Wiki ya pili shahada inaingia kwenye nyuzi nyembamba, katikati ya hatua za gumba, si juu yake. Hao wanne wa Kihispania tunawaleta mwaka wa pili, na wanakuja haraka kwa sababu mkono umeshajua kugawana kazi.

Na karatasi? Inakuja, siikatai, nimeona wapigaji wazuri sana wa baa wanaoishia kuibiwa nyimbo kwa kuwa hawakuweza kuandika hata mstari mmoja. Tulikaa na prof wa piano mwezi wa tatu, tukabishana mpaka chai ikapoa, tukakubaliana kitu kidogo: ubaoni noti inaandikwa mara mbili, jina chini, mjomba juu. Anaandika huku ananung'unika. Juzi wamebadilisha wimbo kutoka toni ya sol kwenda fa, yule mtoto wa Katuba akanyoosha mkono kabla hajaulizwa: "Prof, mjomba amehamia fa." Prof wa piano kafuta herufi za juu zote, kaziandika upya.