Maana ya tungamotaka, na misindano ya kuni

Wiki iliyopita, kwenye kikao cha wakulima wa miti hapa Mafinga, mnunuzi mmoja alisema misindano (miti ya paini) ya kuchomea boila, tangi la kiwandani la kugeuza maji kuwa mvuke, ni "tungamotaka, yaani taka za miti", kisha akataja bei inayofanana na neno hilo. Mzee aliyekaa mbele yangu, mwenye shamba alilolipalilia na kulilinda na moto miaka tisa, akainamisha kichwa. Nimelisikia neno hili likitumiwa hivyo mara nyingi mno.

Maana yake ni fupi: tungamotaka ni mata iliyotokana na viumbe hai, hasa mimea na kinyesi cha mifugo, inayotumika kutoa nishati. Kuni, mkaa, pumba za mpunga na samadi zote zimo.

Kinachosumbua ni jina. Tungamo limetoka kwenye kitenzi tungama: damu hutungama, ikashikana ikawa donge. Watoto hulikuta shuleni kwenye somo la sayansi, likiwa na maana ya kiasi cha mata kilichomo ndani ya kitu. Nusu hiyo imekaa vizuri. Nusu ya pili, taka, inazifaa pumba na samadi, lakini gogo zima hailifai hata kidogo.

Simama kwenye mashine ya mbao uone. Gogo linaingia kwenye msumeno, upande wa kwanza unapasuliwa, linadondoka banzi lenye gome huku na utomvu unaonata kule. Linageuzwa, linadondoka la pili, la tatu, la nne, ndipo mbao zianze kutoka. Chini kuna lundo la unga wa mbao linalofika magotini. Hayo ndiyo mabaki: mti ulipandwa kwa ajili ya mbao, mabanzi yamekuja yenyewe, na kuyachoma kupata mvuke ni akili nzuri. Njombe, kampuni ya TANWAT ilifanya jambo la namna hiyo tangu 1995, kwa mtambo wa umeme wa megawati 2.5 uliochoma magogo ya miwati yaliyokwisha kuvuliwa magome ya tanini, dawa ya kutengenezea ngozi.

Shamba lililopandwa kwa ajili ya kuni ni habari nyingine, kwa sababu hapo mti wenyewe ndio zao. Hakuna haja ya kukatia matawi, maana boila haijali vifundo, na huhitaji kusubiri miaka 18 hadi 25 kama wa mbao. Lakini msindano ukikatwa hauchipui kwenye kisiki kama mlingoti (mkaratusi). Kila mavuno yanadai miche mipya, mashimo mapya, palizi mpya. Na gogo bichi lina maji karibu nusu ya uzito wake, kwa hiyo lazima likaushwe kwanza. Nani anazalisha taka kwa gharama hizo?

Ubishi huu umefika mbali. Uingereza, kituo cha umeme cha Drax huchoma vidonge vya mbao, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa, vingi vikitoka kwenye misindano ya kusini mwa Marekani, na swali linalorudi ni lile lile: ni mabaki ya viwanda, au ni magogo mazima?

Kwa hiyo, ndugu mnunuzi, bila ugomvi: tungamotaka ni jina la kundi zima. Mabanzi ni mabaki. Misindano ya yule mzee ni kuni za kupandwa. Ukija kwenye kikao kijacho, njoo na bei mbili.