Ofisi ya Umma Inapochagua Mtoa Huduma wa Intaneti

"Mtandao hakuna, njoo kesho." Mwananchi aliyepanda basi la alfajiri kufuata huduma wilayani akijibiwa hivyo, hubaki kurudi stendi na nauli imeshakwenda. Mara nyingi kosa si la karani aliye dirishani. Lilifanyika kwenye zabuni ya mwaka uliopita, pale kampuni za mawasiliano ziliposhindanishwa kwa bei ya mwezi peke yake.

Nimekaa kwenye kamati za tathmini, najua inavyokuwa. Zinakuja ofa mbili, zote zimeandikwa megabiti 20 kwa sekunde. Ukisoma ndani, moja ni kasi ya ofisi peke yake, kupakua na kupakia. Nyingine inachangiwa na wateja wengine: saa moja asubuhi inakimbia, saa nne inasuasua. Hapo bei nafuu haijakuambia kitu.

Kisha kuna asilimia za upatikanaji wa huduma. Asilimia 99 inapendeza kwenye karatasi, lakini mwezi wa siku 30 una saa 720. Asilimia moja inayobaki ni saa 7 na dakika 12 za giza, na kampuni haijavunja mkataba. Ikiahidi 99.9, giza linashuka hadi dakika 43. Kwa hospitali ambayo mgonjwa halipi mpaka mfumo utoe namba ya kumbukumbu ya malipo, tofauti hiyo ni karibu siku nzima ya kazi.

Linalonikera zaidi ni suala la njia ambayo mtandao unapita, maana halionekani kwenye jedwali la bei. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Ofisi iliyokuwa na kampuni mbili, zote zikitegemea nyaya hizo, haikuwa na akiba yoyote. Nchi kavu mambo ni hayo hayo: kampuni kadhaa hukodi Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani nyaya kuu za serikali zinazosimamiwa na Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL), kwa hiyo majina mawili tofauti kwenye mikataba yanaweza kuwa yanapita waya mmoja. Ofisi moja niliyoitembelea ilikuwa na nyaya za kampuni mbili ndani ya mtaro mmoja getini. Kijiko cha wajenzi wa barabara kilizing'oa zote kwa mchoto mmoja.

Haya yaandikwe kabla zabuni haijatangazwa kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma Tanzania. Kamati hairuhusiwi kumpima mzabuni kwa kigezo kisichokuwemo kwenye nyaraka za zabuni, hata kama wajumbe wote wanaona tatizo. Dai mchoro wa njia tangu getini hadi kebo ya baharini. Weka muda wa fundi kufika, na sema wazi fedha itakatwaje kwenye ankara huduma ikishuka chini ya kiwango. Omba pia majina ya wateja wa mzabuni walio mkoa ule ule, uwapigie. Sifa za Dar es Salaam hazimsaidii mtu wa Nkasi, mkoani Rukwa.

Siku ya kupokea kazi, afisa TEHAMA achomoe kebo ya njia ya kwanza mbele ya mkandarasi, atazame saa, ahesabu sekunde hadi njia ya pili ishike. Isiposhika, asisaini hati ya makabidhiano.